Linawaka Nikiachia Ufunguo

Mlango wa feri ulikuwa umeshashuka upande wa kisiwani, Mombasa. Watu wa miguu walikuwa wamemwagika wote kupanda mlima, mikokoteni nyuma yao, ikabaki zamu yetu wenye magari. Nikazungusha ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu zake zote, bila kusuasua, na injini haikushika. Nikarudia. Vile vile. Dereva wa matatu iliyokuwa nyuma yangu akaanza kuzungumza kwa honi, na vijana wawili wakaja bila kuitwa, wakaweka mikono kwenye buti wanisukume.

Nikakata tamaa, nikauachia ufunguo.

Injini ikawaka.

Mmoja wa wale vijana akacheka, “Dada, gari lako lina kiburi.” Nikacheka nami, nikapandisha, nikaelekea kazini Ganjoni. Lakini jambo lile halikuniacha. Kwa wiki kadhaa nikawa nalichunguza, na kila gari lilipogoma lilikuwa linagoma kwa namna ile ile: likikataa, linakataa stata inapozunguka, likikubali, linakubali pale pale mkono unaporudi.

Kitu kikiharibika huwa kimeharibika, basi. Huu wangu ulikuwa ubovu wenye saa yake, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

## Betri, stata, betri tena

Gari ni Corolla KE70, injini ya 4K ya cc 1,290, na namba yake ni ya zile za zamani zisizo na herufi mwishoni. Liliniangukia alipofariki ami yangu. Kila ninapolipeleka, shauri la kwanza ninalopewa ni niliuze. La pili ni betri.

Betri ikabadilishwa. Nikapata siku chache za raha, kisha yale yale.

Fundi wa pili akasema stata. Akaishusha, akaifungua mbele yangu, akanionyesha brashi zilivyolika. Hakunidanganya, zilikuwa zimekwisha kweli. Akatia mpya, akasafisha, akapaka grisi, na stata ikarudi na nguvu ambazo sikuwahi kuzisikia tangu gari liwe langu. Injini ikawa inazunguka kwa kasi zaidi, na bado haishiki.

Hapo nikasimama kidogo. Betri mpya, stata nzuri, injini inazunguka. Sasa tunatibu nini?

Ufunguo ule mmoja una kazi mbili: kuizungusha injini na kuipa cheche. Mmarekani Charles Kettering, ambaye stata yake ya umeme iliingia kwenye Cadillac za mwaka 1912, ndiye pia aliyetengeneza mfumo wa betri, koili (inayokuza volti za betri hadi zitoe cheche) na pointi (swichi ndogo inayofunga na kufungua mkondo wa koili) ambao gari la ami linautumia mpaka leo. Vyote viwili vilitoka kwenye kichwa kimoja, lakini mahitaji yao hayalingani hata kidogo. Stata ya gari dogo huvuta ampea 100 na zaidi. Koili inatosheka na 4 hivi. Na zote zinakula sinia moja: stata ikishatia mkono, volti 12.6 za betri zinashuka hadi 10 na kidogo, na koili inabakiwa na makombo.

Waliounda magari hayo walilijua hilo. Ndiyo maana pembeni ya koili yangu kuna kipande cheupe cha kauri, rezista. Koili za aina hii hazitaki volti 12 injini inapotembea. Zinataka kama 6 au 8, na rezista ndiyo inayopunguza. Wakati wa kupiga stata, hata hivyo, umeme unatakiwa uikwepe rezista, upite njia ya pembeni, uifikie koili wote ulivyo. Ukiachia ufunguo, njia ya pembeni inakatika na rezista inarudi kazini.

Nilipolielewa hilo, shaka yangu ikapata pa kukaa. Kama njia ya pembeni imekufa, basi stata inapozunguka koili inapunjwa mara mbili, mara na stata, mara na rezista. Cheche inakuwa hafifu. Ukiachia ufunguo, stata inaacha kuvuta, volti zinapanda papo hapo, na injini bado ina msukumo wa kuzunguka kidogo. Katika mzunguko ule wa mwisho ndipo inapopigwa cheche nzuri ya kwanza.

Ilikuwa dhana nzuri. Ushahidi sikuwa nao.

## Dairekti

Dhana yangu nikaipeleka kwa fundi wa tatu, Kongowea. Akanisikiliza kwa adabu, akachukua taa yake ya kupimia, akabana koleo kwenye bodi na kugusa sindano kwenye koili. Ufunguo ukawekwa. Taa ikawaka nyeupe.

“Umeme upo, dada.”

Kisha akaitazama rezista kwa jicho baya. “Hii ndiyo inakusumbua. Tuitoe, tuipige dairekti.”

Mwenye gari kuukuu hapa Mombasa anajua neno hilo linavyobembeleza. Dairekti ni kipande kimoja cha waya, dakika 5, pesa kidogo, na gari linawaka. Feni ya rejeta haipokei amri ya swichi yake? Dairekti. Fyuzi imechoka kuungua? Dairekti. Kuna tuktuk na matatu zinazopeleka watu kazini kila asubuhi kwa sababu jana usiku mtu alipiga kitu dairekti, na simdharau aliyefanya hivyo. Dereva anayedaiwa hesabu ya siku na tajiri wake hawezi kumwambia angoje chanzo cha tatizo kitafutwe.

Na lingewaka. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa. Fundi alikuwa sahihi kabisa kwamba lingewaka.

Nilipiga hesabu pale pale kwenye simu. Rezista ni kama omu 1.5, koili nayo kama omu 1.5. Zikiwa pamoja, volti 12.6 zinapitisha ampea 4 na kidogo. Iondoe rezista, mkondo unakuwa maradufu, na joto ndani ya koili linapanda mara nne, kwa kuwa joto hufuata mkondo mara mkondo wenyewe. Pointi nazo zingeungua nyuso na kufanya vishimo. Kisingetokea kitu siku hiyo wala wiki hiyo. Kingetokea baadaye, pengine nikiwa barabara ya Mariakani usiku, na hapo nani angekumbuka kile kipande cha waya cha Kongowea?

Nikamwomba aache kwanza. Akanitazama, bila ubaya wowote, akauliza:

“Unataka liwake, au unataka kujua?”

Sikuwa na jibu la haraka. Mwenye pesa za kutosha na siku ya mapumziko anaweza kutaka kujua. Mimi nilikuwa nimeshatumia za betri na za stata, na Jumatatu ilikuwa inakuja na feri yake.

## Taa ilipofifia

Mzee niliyeelekezwa baadaye anafanyia kazi Majengo, chini ya mkungu. Ni fundi wa waya tu; injini haigusi. Nilimpa kisa cha feri, na nilipofika pale pa kuachia ufunguo akainua mkono nisiendelee.

“Linawaka ukiachia?”

“Ndiyo, baba.”

“Kila likigoma?”

“Kila likigoma.”

Akanyamaza. Akachukua taa ya kupimia, ya aina ile ile, akagusa koili mahali pale pale. Taa ikawaka nyeupe, nami nikajua tumerudi Kongowea.

Lakini hakuiondoa sindano. Akamwambia kijana wake atie gia ya nne, alisukume gari taratibu kwa bega. Gari likasogea kiasi cha shibiri moja. Taa ikafifia, ikawa ya manjano, karibu kuzimika. Likasogea tena kidogo, ikarudi nyeupe. Likasogea, ikafifia. Nilikuwa nimeinama juu ya boneti nikiitazama taa ile ndogo na sikutaka kijana aache kusukuma.

Zilikuwa pointi, zikifunga na kufunguka. Zikiwa wazi, mkondo wa koili haupiti, na rezista isiyopitisha mkondo haina inachopunguza. Utapima leo na kesho na utaambiwa umeme upo. Zikifunga, ndipo rezista inapoonekana kazi yake. Fundi wa Kongowea hakupima vibaya. Injini ilikuwa imejisimamia pointi zikiwa wazi, na taa ikamjibu alichoulizwa.

“Hapa rezista ni nzima,” mzee akasema. “Sasa piga stata.”

Nikapiga. Taa iliyotakiwa kupata nguvu ikabaki na umanjano wake, ikipepesa. Akaleta mita; wakati wa kupiga stata, koili haikufika hata volti 7. Njia ya pembeni ilikuwa imekufa kweli.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akahamisha mita, waya mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye bloku ya injini, akasema tena piga. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi sana nusu volti. Ikasoma 1.3. Akaishika kebo ya hasi, akaichana ganda kwa kisu karibu na kichwa chake. Kwa nje kebo ilikuwa nzima, nyeusi, hata inang'aa. Ndani, shaba yote ilikuwa kijani, na nyuzi zilikatika kwa kuguswa tu, zikamwachia unga kwenye kidole gumba. Akaupuliza.

Anayekaa karibu na bahari haambiwi chumvi inafanya nini.

Basi tatizo halikuwa moja. Yalikuwa nusu mbili za tatizo. Kebo mbovu peke yake isingelizuia gari kuwaka, maana koili ingepata njia yake ya pembeni na kumeza hasara ile. Njia ya pembeni iliyokufa peke yake nayo isingelizuia, kwa kuwa kebo ikiwa nzima volti hazishuki kiasi hicho. Kila fundi aliyegusa sehemu moja aliikuta si mbaya sana. Ndiyo sababu betri mpya ilinipa siku zile chache za raha: iliongeza kidogo tu, na hicho kidogo kikatosha mpaka kilipokwisha.

## Kipande cha biro

Swali likabaki kwamba waya wa njia ya pembeni umekwenda wapi.

Mzee akajilaza chini ya gari juu ya gunia, akaniita nimulike kwa simu. Kwenye solenoidi ya stata, ile swichi nene inayoipa stata umeme, kuna vijino viwili vidogo. Kimoja kinapokea waya wa ufunguo. Cha pili hutoa umeme pale tu solenoidi inapokuwa imefunga, na ndicho kinachotakiwa kuilisha koili wakati wa stata. Hicho cha pili hakikuwa na kitu. Nati yake ilikuwa na vumbi la miaka. Aliyeishusha stata kwa ajili ya brashi aliikuta hivyo, akairudisha hivyo, kama inavyotakiwa.

Kijana wa mzee akauliza kwa nini tusichukue waya kutoka kijino cha kwanza, ambacho nacho kina umeme wakati wa stata, tuupeleke koili tumalize. Nilikuwa karibu kuuliza hivyo hivyo. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Gari likishawaka, akasema, umeme wa koili utarudi kinyumenyume kwa waya huo hadi kwenye solenoidi, na stata itakataa kuachia. “Utakimbia kwenda kutoa betri.”

Kisha akaanza kufungua teipu nyeusi iliyozungushiwa waya zote za upande ule. Ilikuwa imeyeyuka, inanata, ikitoka vipande vipande. Chini yake tukaukuta waya wenyewe, wa kiwandani, mzima, umekunjwa kurudi nyuma na kulazwa pamoja na wenzake. Ncha yake ilikuwa imevishwa kipande cha mrija wa biro, kikachomwa kwa kiberiti kikashikana, usije ukagusa bodi.

Haukukatika wala haukuchomoka wenyewe. Mtu aliukunja, kwa uangalifu mkubwa.

## Katauti

Nilikaa na kile kipande cha biro kwa siku kadhaa. Kiliniudhi kuliko kitu chochote kwenye hadithi hii. Nani anaharibu kitu kwa ustadi namna ile?

Jibu lilikuwa chini ya zulia la dereva. Tundu mbili za skrubu, na juu yake, nyuma ya dashibodi, kiungo cha waya wa buluu: waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene unaopita kwenye kuta zetu kwenda kwenye balbu. Garini waya huo haufai, kwa sababu mtikisiko huuvunja taratibu ndani ya ganda, lakini ulikuwa umehimili. Mzee akautazama mara moja akasema, “Hapa palikuwa na katauti.”

Kila kitu kikajipanga. Ami aliogopa wezi, akatiliwa swichi ya siri ya kukata umeme wa koili. Aliyeitia alikuwa na akili. Aligundua kwamba akikata njia ya kawaida peke yake, mwizi akipiga stata umeme utapita njia ya pembeni na injini itajaribu kuwaka. Kwa hiyo akaichomoa na njia ya pembeni, akaifunika vizuri, akaikunja. Katauti ikawa katauti kweli.

Miaka ikapita, mwingine akaitoa swichi, pengine ilianza kusumbua. Naye akafanya vizuri: akaunga alipokuta pamekatwa, akatumia waya aliokuwa nao. Waya uliokunjwa kule chini karibu na stata hakuuona, na hakuwa na sababu ya kuutafuta. Gari likawaka. Akalipwa.

Sioni wa kumlaumu hapo, na nilitamani sana kumpata mmoja. Wa kwanza alifanya kazi safi. Wa pili alifanya kazi ya haki. Kilichopotea ni maneno machache kati yao, ambayo ami angeweza kuyasema kama angeyajua, na hata yeye nadhani hakuambiwa zaidi ya “swichi iko hapa.” Hapo msimamo wangu kuhusu dairekti ukalegea kidogo. Waya wa mkato haunitishi tena sana. Kinachonitisha ni teipu nyeusi inayozungushwa juu yake.

Na Mombasa ilitusaidia kuficha. Njia ile ya pembeni iliwekwa hasa kwa ajili ya asubuhi za baridi, mafuta yakiwa mazito na betri imelegea. Huku kwetu hata Julai, mtu akivaa sweta, injini haijui kwamba kuna baridi. Gari hili lingekuwa Limuru, lingegoma wiki ile ile katauti ilipotiwa, na ami angerudi kwa fundi yule yule kumuuliza. Hapa likaendelea kuwaka miaka na miaka, likingoja chumvi imalize kebo.

Tukaweka kebo mpya ya hasi, nene. Waya wa biro ukakunjuliwa, ukafungwa kwenye kijino chake. Waya wa buluu ukatolewa, ukawekwa wa gari. Kabla mzee hajazungusha teipu nilimwomba anisubiri, nikaandika kwenye kipande cha plasta kwa kalamu ya wino usiofutika: stata kwenda koili, usitoe. Akaniangalia niking'ang'ana kukibandika, akasema kwa jasho la injini hakitadumu. Akanipa kibati kidogo cha soda alichokikata kwa mkasi, nikachora maneno yale yale kwa msumari.

## Bado iko

Nilipita Kongowea kununua samaki, nikamwona yule fundi wa dairekti kwenye kizingiti chake. Nilikuwa na picha kwenye simu: biro, kebo ya kijani, tundu za skrubu. Akazikuza kwa vidole viwili, moja moja, bila haraka. Ile ya biro aliitazama muda mrefu.

“Huyu alikuwa fundi,” akasema. Kisha, “Ungeniambia lina katauti.”

“Sikujua.”

“Na rezista bado iko?”

“Bado iko.”

“Haya. Hiyo nayo ina siku yake. Ikiungua, gari litawaka ukiwa umeshika ufunguo, na ukiachia tu, linazima.” Akanirudishia simu. “Siku hiyo usiende Majengo. Ninazo mbili dukani, za kutoa kwenye gari, nitakufanyia bei nzuri.”

Nikamuuliza bei nzuri ni ngapi. Aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na ya mpya, nikamwambia, tukavutana kidogo, akashusha. Nikanunua moja kabisa. Iko kwenye kisanduku cha dashibodi, imefungwa kwenye gazeti, na juu yake nimeandika ni ya nini.